Ndege ya kunyunyizia dawa ikigoma kupaa: mwongozo kamili, kuanzia kwenye mpira wa kujazia mpaka kwenye mabaki

Niseme mapema mimi sio rubani, kazi yangu ni ya huku chini, pampu, mapipa, mpira wa kujazia, na kumuonyesha kapteni dole gumba akiwa tayari kuondoka. Ila ukikaa kwenye viwanja vya ndege za dawa misimu kadhaa unajifunza kwamba ajali ya kupaa mara nyingi inaanza mpira ukiwa bado umechomekwa kwenye tangi, mtu mmoja anasema jaza tu itanyanyuka na mwingine anajaza. Kwahiyo huu mwongozo ni wa wote watatu, rubani, mpakiaji na mwenye shamba, maana kila mmoja akidhani mwenzake ameshaangalia ndo tunakuja kukuta ndege imelala mtaroni.

Kwanza elewa inavyotokea

Watu wakisikia ndege imeanguka wakati wa kupaa wanawaza injini imezima. Inatokea, ndio, na nitaifikia, ila kuna hii nyingine ambayo inachanganya zaidi kwa sababu injini inanguruma vizuri kabisa. Ndege inakimbia, mkia unanyanyuka, magurudumu yanaachia ardhi karibu na mwisho wa kiwanja, halafu haipandi. Inaelea tu pale mita mbili tatu juu ya nyasi. Sababu ni kwamba ikiwa karibu na ardhi, kwenye kimo kisichozidi urefu wa mabawa yake, ardhi inaizuia ile mikondo ya hewa inayojizungusha kwenye ncha za mabawa, ukinzani unapungua, na ndege inaweza kuelea kwa spidi ambayo juu kidogo haiwezi kuibeba. Rubani anaona miti, anavuta stiki (mpini wa kuongozea ndege), pua inapanda, spidi inashuka, bawa moja linaacha kubeba kabla ya mwenzake na linadondoka. Hiyo ndo stoli. Yote ni sekunde nne tano.

Nimewahi kusimama pembeni nikaangalia moja ikienda hivyo. Kilichonibaki kichwani ni nyasi, zilikuwa zinalala nyuma ya ndege mstari mzima mpaka kwenye uzio, yaani haikupanda hata kidogo cha kuziachia. Rubani alimwaga mzigo hatua chache kabla ya uzio, ikapita. Aliporudi kutua gurudumu la mkia lilikuwa limeviringishiwa kipande cha waya wa uzio kama urefu wa mkono, na yeye mwenyewe hakujua mpaka tulipomuonyesha.

Hizi ndege zimetengenezwa kubeba mzigo mzito na zinafanya kazi karibu na mpaka wa uwezo wake siku nzima. Chukua Air Tractor AT-802, uzito wake wa juu wa kupaa ni paundi 16,000, kama kilo 7,257, na tangi lake la dawa linaingia lita elfu tatu na kidogo. Likijaa maji, zaidi ya asilimia 40 ya uzito wote ni mzigo wa tangi. Hapo kosa dogo la kipimo sio dogo tena.

Hatua ya 1: pima kwa kilo, achana na lita

Tangi lina alama za lita au galoni, na hapo ndipo wapakiaji tunaponaswa. Lita moja ya maji ni kilo moja, sawa. Mbolea ya maji ile ya mchanganyiko wa yuria na amoniamu naitreti inafika kama kilo 1.3 kwa lita. Sasa tangi la lita 1,500 likiwa na maji ni kilo 1,500, likiwa na hio mbolea ni kilo 1,950, kilo 450 zimepanda ndege bila mtu kuziita, na kioo cha tangi kinaonyesha namba ileile. Soma lebo, tafuta uzito wa lita moja, zidisha. Kama lebo haisemi chukua ndoo ya kipimo na mizani, pima kilo za lita kumi, gawa kwa kumi, dakika mbili tu.

Mafuta nayo uzito: Jet A-1, mafuta ya injini za tabaini, ni kama kilo 0.8 kwa lita na avgas, petroli ya ndege, kama 0.72. Na hapa kuna mtego ambao nimeuona zaidi ya mara moja. Asubuhi ndege ina mafuta mengi kwahiyo mnaweka dawa kidogo, mafuta yakipungua mnaongeza dawa kufidia, trip baada ya trip, mpaka mkono unazoea kile kiwango cha juu. Alafu gari la mafuta linakuja, mafuta yanajazwa mpaka juu, na hamna anayekumbuka kurudisha dawa chini. Trip ya kwanza baada ya kujaza mafuta ndo ya kuiogopa kuliko zote. Dawa yake ni ubao na chaki pale kwenye pampu, safu tatu, mafuta kilo ngapi, dawa kilo ngapi, jumla, na mpakiaji hafungui vali mpaka jumla imeandikwa. Mtu anaona kama usumbufu siku ya kwanza, siku ya tatu mnauliza mlikuwa mnafanyaje bila huo ubao.

Kitu kingine, baadhi ya hizi ndege zinaruhusiwa kupaa na uzito mkubwa kuliko ule wa kutua. Air Tractor AT-502B kwa mfano inapaa na paundi 9,400 ila kutua mwisho 8,000. Maana yake ukipaa ukahisi kuna kitu hakiko sawa huwezi kugeuka tu ukatua na tangi limejaa, lazima upunguze kwanza. Kwahiyo kabla hujapaa jua utamwagia wapi.

Hatua ya 2: piga hesabu ya kiwanja kwa hali ya leo

Kitabu cha ndege kinakupa umbali wa kupaa, na kama kuna jedwali la joto na mwinuko humo ndani tumia hilo kwanza. Kama halitoshi, mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza ina namba za kuzidishia kwa ndege ndogo ambazo marubani wengi duniani wanazijua:

- uzito ukiongezeka asilimia 10, zidisha umbali kwa 1.2
- kila futi 1,000 za mwinuko, zidisha kwa 1.1
- kila nyuzi 10 za joto zilizozidi, zidisha kwa 1.1
- nyasi kavu 1.2, nyasi mbichi zenye maji 1.3
- kiwanja kinachopanda mlima kwa asilimia 2, 1.1
- upepo wa nyuma wenye nguvu ya asilimia 10 ya spidi ya kuachia ardhi, 1.2
- udongo laini, 1.25 au zaidi
- na mwisho wa yote, zidisha 1.33 kwa ajili ya usalama

Hizi zinazidishwa, hazijumlishwi, na hapo ndo watu wanaposhtuka. Twende na mfano. Kitabu kinasema mita 500 kwenye lami kavu, usawa wa bahari, nyuzi 15, hamna upepo. Kiwanja chako kiko futi 3,000 juu, cha nyasi kavu, na saa sita mchana joto ni 30. Joto la kawaida usawa wa bahari ni 15 na linashuka kama nyuzi 2 kila futi 1,000, kwahiyo pale futi 3,000 kawaida ni 9, wewe umezidi kwa 21. Kila digrii iliyozidi ni kama kuongeza futi 120 za mwinuko, yaani injini na mabawa vinaona kama mko futi 5,500 hivi. Sasa zidisha: mwinuko mara tatu unakupa 1.33, joto mara mbili 1.21, nyasi 1.2. Mita 500 zimekuwa 966. Weka na ile 1.33 ya usalama unafika kama mita 1,285. Kiwanja chako ni mita 1,000.

Hapo ndo mwenye shamba anasema mbona asubuhi ilipaa. Asubuhi ilikuwa nyuzi 16, mzee, na ndege haijali ulichoona asubuhi.

Suluhisho ni kupunguza. Ukishusha uzito wote wa ndege asilimia 10, gawa umbali kwa 1.2, ukishusha 20 gawa tena. Mita 966 zinakuwa 671, na ya usalama juu yake kama 892, hio inaingia kwenye mita 1,000. Kama ndege yako na kila kitu ndani ni kilo 4,000, asilimia 20 ni kilo 800, zote zitoke kwenye dawa. Ndio, ni trip nyingi zaidi. Au mfanye kazi alfajiri mpaka saa nne alafu mpumzike, ambayo kwa dawa yenyewe ni nzuri pia, upepo wa mchana unaipeleka kusikotakiwa.

Uzito pia unapandisha spidi ya stoli. Ndege ikizidi uzito asilimia 20, spidi ya stoli inapanda kama asilimia 10. Kwahiyo ule mkono wa rubani uliozoea kuvuta stiki kwenye spidi fulani, na mzigo mkubwa unavuta mapema mno.

Hatua ya 3: tembea kiwanja kwa miguu

Sio kwa gari. Gari linakudanganya, tairi kubwa na springi zinameza mashimo. Tembea uone wapi kisigino kinazama, wapi lori la maji limechimba mifereji, wapi nyasi zimefika kwenye goti, wapi maji yamesimama chini ya majani. Sehemu mbaya zaidi huwa pale pa kupakilia, maana kila siku kuna kumwagika na magari yanazungukia hapo, na ndo palepale ndege nzito inaanzia kukimbia. Pima na urefu wenyewe, usimsikilize anayesema kinafika kilomita. Nilishapima kiwanja cha "kilomita" nikapata mita 870.

Angalia kilichopo mwisho pia. Uzio, nguzo za umeme, mtaro, miti. Umbali wa kwenye kitabu mara nyingi unatolewa mara mbili, wa kuachia ardhi na wa kufika futi 50, na kama kuna miti unahitaji huo wa pili.

Upepo nao. Viwanja vingi vya shamba vinatumika upande mmoja, unapaa kutoka kwenye pampu na unatua kuelekea kwenye pampu, kwa sababu ni haraka. Asubuhi hamna upepo hakuna shida. Ikifika saa nne tano upepo unaanza kugeuka polepole, noti tatu, noti tano (noti moja ni kama kilomita 1.85 kwa saa), na hamna anayeona kwa sababu kila trip ni kama iliyopita. Noti saba za nyuma kwenye ndege inayoachia ardhi kwa noti 70 zinaongeza umbali kwa asilimia 20. Wekeni soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unakotoka, mahali ambapo rubani anaiona akiwa amekaa, na mpakiaji apewe ruhusa kabisa ya kufunga pampu soksi ikigeuka. Ruhusa hio isemwe mbele ya bosi, kama haijasemwa hatofunga.

Hatua ya 4: weka alama ya maamuzi

Kama una muda wa kufanya kitu kimoja tu kwenye huu mwongozo wote fanya hiki. Chomeka bendera pembeni ya kiwanja, kitu cha rangi kali kinachoonekana kwa kona ya jicho, na mkubaliane: ndege ikifika hapa bila spidi fulani, mzigo unamwagwa au safari inakatwa. Basi. Hamna kusubiri kuona.

Wapi uichomeke? Sheria ya marubani wa ndege ndogo inasema ukifika nusu ya kiwanja uwe na asilimia 70 ya spidi ya kuachia ardhi. Inatoka kwenye hesabu, umbali unaendana na spidi ikizidishwa kwa yenyewe, na 0.7 mara 0.7 ni karibu nusu. Kama ndege inaachia ardhi kwa noti 70, yaani kama kilomita 130 kwa saa, kwenye nusu uwe na noti 49. Ila nguvu ya propela ya kuvuta inapungua kadri spidi inavyopanda, kwahiyo hio 70 ni ya chini kabisa, na nusu uihesabie kutoka kwenye urefu uliobaki baada ya kutoa nafasi ya kuruka miti. Mimi ningeisogeza karibu zaidi na pampu.

Kwanini bendera na sio akili ya rubani? Kwa sababu akiwa anakimbia kichwa chake kina kazi nyingine, mkia unataka kwenda pembeni, pedali zinafanya kazi, mzigo unatikisika, na matumaini yapo, kila sekunde anahisi sasa inanyanyuka sasa inanyanyuka. Bendera haina matumaini.

Hatua ya 5: jaribu mpini wa kumwagia kila asubuhi

Ndege ya dawa ina kitu ambacho ndege nyingi nyingine hazina, inaweza kujipunguzia tani nzima kwa sekunde chache kupitia mlango ulioko tumboni. Kwenye ndege nyingi mpini wake uko upande wa kushoto, jirani na throtoli, mpini wa nguvu ya injini. Mambo matatu.

Moja, uwe unafunguka kweli. Dawa inakauka kwenye mpira wa mlango na kuugandisha. Weka maji kidogo kila asubuhi, vuta, angalia, funga, kagua kama inavuja.

Mbili, mzigo mkavu ni habari nyingine. Mbolea ya chenga na chokaa zikivuta unyevu zinashikana, zinafanya kama daraja ndani ya tangi, mlango unafunguka na hakuna kinachotoka. Rubani amevuta mpini, amefanya kila kitu sawa, na bado amebeba mzigo wote. Mzigo ulioshikana haupandi ndege. Chukua ngumi ya mbolea, ibane, fungua kiganja, ikibaki donge usiipakie.

Tatu, ukimwaga pua inapanda yenyewe, na kwenye spidi ndogo hio pua ndo inayoua. Mkono wa kulia lazima uwe unasukuma stiki mbele wakati wa kushoto unavuta mpini, vyote kwa pamoja. Mwezi wa tisa 2019 kule Turkey, Texas, Marekani, ndege ya Air Tractor AT-602 ilipita chini na polepole ikamwaga galoni kama 350 za maji ya pinki kwenye sherehe ya kutangaza jinsia ya mtoto, ikapungukiwa spidi, ikastoli, ikaanguka. Na ndege yenyewe ya kiti kimoja ndani walikuwa wawili. Haikuwa kupaa ila somo la kumwaga ni lilelile, kuwa mwepesi hakukusaidii kama spidi hamna.

Hatua ya 6: kukimbia kwenyewe

Hapa nafupisha, rubani ana mwalimu wake. Mkanda ule wa pointi tano ukazwe mpaka uumie kidogo, helmeti kichwani, flapu kama kitabu kinavyosema, trimu mahali pake, gurudumu la mkia limefungwa, kufuli za usukani zimetolewa, kifuniko cha tangi kimefungwa. Hiki cha mwisho ni cha mpakiaji na nakirudia: weka mkono juu ya kifuniko, usikiangalie kwa mbali. Asubuhi mafuta yatolewe kidogo chini ya tangi kwenye chupa ya kioo, maji yanakaa chini kama ushanga. Na kagua matundu ya kupumulia ya matangi ya mafuta, nyigu wanapenda kujenga humo, injini inakimbia vizuri chini alafu inakosa mafuta juu.

Injini ikizima baada ya kuachia ardhi: pua chini kwanza, mwaga, tua mbele ulipo, kulia au kushoto kidogo kukwepa kitu. Usigeuke kurudi kiwanjani. Kila mtu anajua hii na kila mtu mkono unamuwasha kugeuka. Kabla ya kugusa ardhi kata mafuta na zima swichi kuu ya umeme kama muda upo, kama haupo endesha ndege mpaka isimame.

Ikianguka: dakika kumi za kwanza

Sasa tuseme imetokea. Mtu mmoja apige simu ya dharura, mtu mmoja tu na atajwe kwa jina, maana wote wakikimbia hamna anayepiga. Aseme ni ndege, ina mafuta, ina dawa ya sumu, na njia ya gari kufika.

Wengine mnakwenda upepo ukiwa mgongoni. Kama mnaona ukungu au harufu ya dawa au moshi unawajia usoni, zungukeni. Moshi wa dawa inayoungua ni mbaya kuliko dawa yenyewe. Glavu za kemikali, viatu vya mpira, miwani, hivi vitundikwe kwenye ndoo moja pale pampu pamoja na kizima moto, ukivitafuta siku hio hutovipata. Hamna sigara na msisogelee propela hata kama imesimama.

Ukifika kwenye kibini, kata mafuta, zima umeme. Mpakiaji ajue hizo swichi ziko wapi kabla, mwambie rubani akukalishe kwenye kiti siku moja akuonyeshe, dakika tano.

Kama hamna moto na rubani anaongea, usimvute. Mshike kichwa kisicheze, helmeti iache, ongea nae, subiri wataalamu. Kama kuna moto au dawa inammwagikia, mtoe, shingo inakuwa ya pili. Na kama ndege imepinduka na anabembea kwenye mkanda, tafadhali usibonyeze kile kifungo cha mkanda kwanza. Akiachiwa anashuka kwa kichwa na uzito wote unaishia shingoni, mtu ametoka mzima kwenye ajali anaumizwa na waokoaji. Mmoja aingie chini ambebe mabegani, mwingine ashike kichwa, ndo wa tatu afungue.

Dawa mwilini

Nguo zote zitoke, kata na mkasi, usizipitishe kichwani. Maji mengi na sabuni dakika 15 mpaka 20, macho maji matupu dakika 15. Ile tanki ya maji safi ya pampu ndo inatumika hapa, isiishe kamwe kabisa wakati ndege iko hewani.

Kama ilikuwa dawa ya wadudu ya kundi la oganofosfeti, angalia jasho jingi, mate na machozi kumtoka, mboni za macho kuwa ndogo kama nukta, misuli kuchezacheza, kifua kubana. Zinaweza kuanza baada ya dakika au masaa kadhaa, kwahiyo rubani aliyetoka mwenyewe anacheka na kupiga picha naye aende hospitali. Usimpulizie pumzi mdomo kwa mdomo, usimtapishe. Peleka lebo yenyewe au picha yake, jina la kiambato sio jina la dukani tu. Hospitali kwa oganofosfeti wana atropini, dawa ya kupambana na hio sumu, lakini kama ni parakwati, dawa ya kuua magugu, wanatakiwa kujua haraka kwa sababu hata oksijeni wataitoa kwa tahadhari, inaongeza madhara kwenye mapafu. Tangu ndege ya kwanza kumwaga dawa shambani, Agosti 1921 kule Ohio, Marekani, ambayo ilibeba mchanganyiko wa madini ya risasi na aseniki, mzigo wa hii kazi haujawahi kuwa wa kumwagikiwa.

Dawa iliyomwagika izungushieni tuta la udongo, msiioshe na maji ikaelekea mtoni.

Mabaki na ushahidi

Mtu akishakuwa salama na moto haupo, acheni kugusa. Kanuni za kimataifa za uchunguzi wa ajali za ndege, Kiambatisho namba 13 cha Mkataba wa Chicago, ule mkataba wa nchi kuhusu usafiri wa anga, zinasema lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, sio kugawa lawama. Nawaambia hivi kwa sababu usiku wa siku hio kuna mtu atataka kuufuta ule ubao wa chaki. Upigeni picha kabla hajafika.

Toeni taarifa kwa mamlaka ya uchunguzi ya nchi mliyopo siku hiohio. Mabaki yasogezwe tu kuokoa mtu au kuzuia hatari, na mkisogeza pigeni picha kwanza. Vitu vinavyopotea haraka ni hivi: alama za matairi kwenye nyasi, zichomekeeni vijiti kila mita 20 na mfunike mahali magurudumu yalipoachia. Mstari wa dawa chini, huu ni wa maana sana, unaonyesha rubani alianza kumwaga wapi na kama yote ilitoka, na jua linaukausha ndani ya saa moja. Chupa ya mafuta kutoka kwenye gari lililojazia, imefungwa na kuandikwa saa. Chupa ya mchanganyiko uliobaki kwenye pampu, ili uzito wa lita upimwe. Joto na upepo vya saa ile. Kifaa cha jipiesi cha kuongozea mistari kinaweka spidi na njia humo ndani, msikiwashe wala kukizima wenyewe.

Walioona waandike kila mtu peke yake kabla ya kukaa pamoja. Mkishakunywa chai pamoja mnakuwa na hadithi moja.

Kurudi kazini

Ndege nyingine ikija kumalizia shamba, kiwanja kitembewe upya, hesabu ipigwe upya kwa kitabu cha hio ndege, bendera ihamishwe kulingana nayo. Lodi ya kwanza iwe maji matupu nusu tangi, rubani akimbie, na akifika kwenye bendera amwage yote kwa makusudi huku stiki iko mbele, hata kama spidi ipo. Sisi wa pampu tunasimama pale kwenye bendera tunaangalia maji yameanzia wapi, tunapima kwa hatua, tunaandika kwenye ubao, ndo tunaanza kuchanganya dawa.